Jikoni na Afya: Samaki wa Pwani katika Friza za Kitui na Makueni



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii tumekusudia kulijibu swali linalotufikia mara kwa mara kutoka kwa familia zetu zilizohamia bara, hasa katika kaunti za Kitui na Makueni. Wamo walimu, wauguzi na wafanyabiashara, na wamo mabinti zetu walioolewa huko. Wanaishi Wote, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Wengine wako Kitui mjini, Mutomo na Mwingi. Huko wamepata misikiti, majirani wema, maembe ya Makueni na asali ya Kitui. Wasichokipata kwa wepesi ni samaki wa baharini. Kwa hiyo kila apitaye Mombasa hurejea na kilo kadhaa za changu, nguru au jodari, na friza hujaa. Swali lao ni moja: tuwahifadhi vipi samaki hawa wasituharibikie, na wasitudhuru?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ndani yake mna fedha ya familia, mna afya ya watoto na wazee, na mna suala la israfu ambalo dini yetu imelikemea. Tutalijibu hatua kwa hatua, kuanzia dukani hadi chunguni.

Safari ya samaki kutoka pwani si jambo geni

Katika sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kimepokewa kisa cha jeshi la watu 300 waliotumwa na Mtume Muhammad (S.A.W.) kuelekea upande wa pwani chini ya uongozi wa Abu Ubayda bin al-Jarrah (R.A.). Masurufu yaliwapungukia hata kila mtu akawa anapewa tende moja kwa siku. Kisha bahari ikawatupia samaki mkubwa mno aitwaye anbar. Walikula nyama yake kwa siku nyingi, na waliporejea Madina walikuwa wamechukua vipande vyake. Mtume (S.A.W.) akauliza kama wamebakisha chochote, akaletewa, naye akala.

Wanavyuoni hukitaja kisa hiki pamoja na aya ya 96 ya Sura Al-Maida katika kueleza uhalali wa vinavyotoka baharini. Sisi leo tunakitazama kwa jicho la jikoni. Neno lililotumika kwa vile vipande, kama wanavyoeleza wajuzi wa lugha, ni la nyama iliyochemshwa kidogo au kukaushwa kwa ajili ya safari. Wale masahaba hawakubeba nyama mbichi ndani ya jua la Hijazi. Walijua kwamba kitoka bahari kina muda wake, na aendaye mbali nacho lazima akitengeneze kabla ya kuondoka.

Wazee wetu wa pwani nao walilijua hilo. Walipasua samaki wakamtia chumvi na kumwanika akawa ng'onda. Papa alikaushwa akasafirishwa miezi na miezi pasi na barafu. Chumvi na jua humwondolea samaki maji, na pasipo na maji vijidudu haviwezi kuzaana. Friza hufanya kazi kwa njia nyingine. Haiondoi maji, bali huyagandisha. Katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri vijidudu husinzia, wala havizaani. Lakini vingi havifi. Siku samaki atakapoyeyuka, navyo huamka na kuendelea pale vilipoachia.

Hapa ndipo msingi wa maelezo yetu yote ulipo. Friza humweka samaki katika hali aliyoingia nayo. Aliyeingia akiwa mzima, atatoka mzima. Aliyeingia akiwa ameanza kuharibika, atatoka vivyo hivyo, wala baridi haitamponya.

Sumu isiyokuwa na harufu

Jambo hili ni la hatari zaidi kwa baadhi ya samaki tuwapendao. Jodari, nguru, vibua, fulusi na jamii ya dagaa wana katika nyama yao kiasi kikubwa cha kitu kiitwacho histidini. Samaki hawa wakikaa katika joto baada ya kufa, bakteria huigeuza histidini ikawa histamini. Histamini ikishaingia katika nyama haitoki. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, wala ndimu na pilipili haziifichi ikaacha kudhuru. Na huenda samaki asiwe na harufu mbaya hata kidogo.

Aliyekula samaki wa namna hiyo huanza kuona dalili baada ya dakika chache hadi saa chache: uso kuwa mwekundu na wa moto, kichwa kuuma, mdomo kuwasha kama uliotiwa pilipili, vipele mwilini, moyo kwenda mbio, kichefuchefu au kuharisha. Wengi hudhani kwamba mtu huyo ana mzio wa samaki, wakamkataza asile samaki maisha yake yote, ilhali tatizo lilikuwa ni samaki yule mmoja aliyekaa juani. Dalili hizi kwa kawaida hupungua baada ya saa kadhaa, lakini akipata shida ya kupumua, akizirai, au akiwa ni mtoto, mzee au mwenye maradhi ya moyo au pumu, apelekwe hospitali mara moja. Mweleze daktari ni samaki gani aliyeliwa na ni saa ngapi.

Changu, tafi na chewa hawana tabia hii ya histamini, ingawa nao huoza kama samaki wengine. Kwa hiyo mwenye safari ndefu na barafu chache, ni bora kwake achukue changu kuliko jodari.

Dukani

Kazi ya kugandisha huanza pale unapochagua. Samaki mbichi ana macho yaliyong'aa na kutokeza, si yaliyozama na kuingia ukungu. Matamvua yake ni mekundu, si ya kahawia. Ukimbonyeza kwa kidole nyama hurudi mahali pake. Harufu yake ni ya bahari, wala haichomi pua. Ikiwa ni vipande, tazama viwe na unyevu wa kiasi, visiwe vimekauka pembezoni wala kuogelea katika maji meupe.

Yapo maswali mawili ambayo mnunuzi hapaswi kuona haya kuyauliza. La kwanza: samaki huyu amefika lini? La pili: amewahi kugandishwa? Samaki wengi waliolazwa juu ya barafu madukani, wakaonekana wabichi, walikuja wamegandishwa kisha wakayeyushwa kwa ajili ya kuuzwa. Si haramu wala si aibu kuuza hivyo, maadamu mnunuzi ameambiwa. Lakini samaki huyo akirudishwa katika friza ya nyumbani atakuwa amegandishwa mara mbili, na nyama yake itakuwa kama sponji. Ikiwa nia yako ni kumweka friza, mwombe muuzaji akupe wale ambao bado ni jiwe, uwachukue vivyo hivyo.

Katika miji ya Kitui na Makueni, supamaketi huuza samaki waliogandishwa tayari, wakiwemo sato, ambao wengi huwaita tilapia, walioagizwa kutoka China. Hapa soma tarehe iliyoandikwa, kisha utazame pakiti yenyewe. Ukiona chembe nyingi za barafu ndani yake, au maji yaliyoganda katika pembe moja ya pakiti, ujue kuwa samaki hao waliwahi kuyeyuka njiani au dukani kisha wakaganda tena. Waache hapo walipo. Na popote ununuapo, samaki awe kitu cha mwisho kutiwa katika kikapu, si cha kwanza.

Njiani

Mtito Andei iko karibu nusu ya njia baina ya Mombasa na Nairobi. Anayekwenda Kibwezi, Makindu au Emali bado ana safari mbele yake, na anayekata kona Kibwezi kuelekea Mutomo na Kitui ana zaidi. Buti la basi wakati wa mchana ni mfano wa tanuri. Samaki mbichi hapaswi kukaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili kwa jumla, na joto la hewa likipita nyuzi 32, muda huo hushuka ukawa saa moja tu. Saa hizo huhesabiwa zote pamoja: za sokoni, za kituoni na za ndani ya gari.

Kwa hiyo anayesafiri na samaki lazima awe na kasha la baridi lenye kifuniko cha kubana. Kipimo cha nchi za joto kama yetu ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya samaki. Tandika barafu chini, panga samaki, kisha barafu tena juu, na kuwe na nafasi ya maji kuchuruzika ili samaki asilowe humo. Chupa za maji zilizogandishwa usiku uliotangulia zafaa sana, kwani hazimwagi maji na ukifika utakuwa na maji ya kunywa. Samaki atolewe matumbo na matamvua kabla ya safari, maana huko ndiko kuliko na bakteria wengi, na huko ndiko uharibifu huanzia. Lililo bora zaidi ni kumgandisha kabisa Mombasa, nyumbani kwa jamaa, siku moja kabla, kisha kusafiri naye akiwa jiwe.

Kutayarisha

Ukifika nyumbani, samaki aliyeyeyuka na kupata joto asiingie friza kwa kudhaniwa kuwa baridi itamwokoa. Aliyefika akiwa baridi kama barafu atayarishwe siku hiyo hiyo. Ukichoka, mweke chini kabisa ya jokofu, katika bakuli, juu ya barafu, na ummalize kumtayarisha kesho yake. Katika jokofu lenye baridi ya nyuzi 4 au chini yake, samaki mbichi hukaa siku moja au mbili tu.

Mpare magamba, mtoe matumbo na matamvua kama bado, msuuze kwa maji safi ya baridi, kisha mkaushe kwa kitambaa safi. Kumkausha ni muhimu, kwani maji yaliyobaki juu yake hugeuka chembe za barafu zinazoharibu nyama. Ubao na kisu vya samaki vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukatia mboga.

Kisha mkate kulingana na chungu chako. Samaki wadogo wabaki wazima. Nguru na jodari wakatwe vipande vyenye unene wa vidole viwili. Kila fungu liwe la mlo mmoja, ili usilazimike kuyeyusha kilo tatu kwa ajili ya kupika kilo moja. Chumvi na viungo viache hadi siku ya kupika. Chumvi huharakisha kuharibika kwa mafuta ya samaki hata akiwa ndani ya friza, na ndimu nyingi huigeuza nyama kabla ya wakati wake.

Kufunga

Maadui wa samaki aliye ndani ya friza ni wawili: hewa na muda. Hewa kavu ya friza hunyonya maji ya nyama, ikaacha mabaka meupe yaliyokauka kama ubao. Samaki huyo hadhuru, lakini hana ladha. Ndiyo maana kufunga vizuri ni nusu ya kazi.

Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Kenya, na mifuko iliyokuja mahali pake, ile ya kitambaa chepesi, hupitisha hewa wala haifai kufungia chakula cha friza. Gazeti nalo halifai, kwani wino wake hushika katika nyama, na karatasi hushikana na ngozi. Vinavyofaa ni mikebe yenye vifuniko vya kubana, iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, au karatasi ya foili iliyozungushwa mara mbili na kubanwa hadi hewa itoke, kisha vipande hivyo vikatiwa ndani ya mkebe.

Ipo pia njia ya kale isiyohitaji gharama, nayo ni kumvisha samaki koti la barafu. Panga vipande juu ya sinia, visigusane, uviache friza hadi viwe vigumu. Kisha chovya kila kipande katika maji safi yenye barafu, ukirudishe friza dakika chache, na uchovye tena mara mbili au tatu. Utando mwembamba wa barafu utakizunguka na kuizuia hewa isipenye. Baada ya hapo vipange ndani ya mkebe. Juu ya mkebe bandika karatasi yenye jina la samaki na tarehe. Kumbukumbu ya kichwa haitoshi. Baada ya mwezi mmoja, vipande vyote hufanana.

Ndani ya friza

Samaki akiganda polepole, maji yaliyo ndani ya nyama hufanya chembe kubwa za barafu zinazochana nyama. Ndipo siku ya kuyeyuka humwaga maji mengi, na chunguni akavunjikavunjika. Akiganda upesi, chembe huwa ndogo na nyama hubaki kama ilivyokuwa. Kwa hiyo mafungu yawe bapa na membamba, yatandazwe yakigusa ukuta au sakafu ya friza, na yasirundikwe hadi yaishe kuganda. Usitie samaki wengi kwa mara moja: kiasi cha kilo moja kwa kila lita 30 za friza ndicho kinachoweza kuganda vizuri kwa siku moja. Friza ya lita 100, basi, haimudu kugandisha kilo 15 zilizoletwa kwa pamoja. Mwombe jirani mwenye friza akusaidie.

Kipimajoto cha friza ni kitu kidogo chenye manufaa makubwa. Kionyeshe nyuzi 18 chini ya sifuri. Wenye jokofu la mlango mmoja, lenye kijisanduku cha barafu ndani yake, waangalie alama za nyota zilizo mlangoni mwa kijisanduku hicho. Nyota moja ni baridi ya nyuzi 6 chini ya sifuri, na chakula kilichogandishwa hukaa humo kama wiki moja. Nyota mbili ni nyuzi 12 chini ya sifuri, kwa muda wa mwezi mmoja. Nyota tatu ndizo zinazofikia nyuzi 18, kwa miezi mitatu. Na nyota nne ndiyo friza iliyokusudiwa kugandisha chakula kibichi, si kukihifadhi tu kilichokwisha kuganda.

Kwa friza nzuri, samaki wasio na mafuta mengi, kama changu na chewa, hubaki na ladha yao kwa miezi 6 hadi 8. Samaki wenye mafuta, kama jodari na vibua, waliwe ndani ya miezi 2 au 3. Muda ukipita, maadamu friza haikuzimika, samaki hageuki sumu; hupoteza ladha na mafuta yake hupata harufu nzito. Aliyeingia kwanza aliwe kwanza.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa kwa ndugu zetu wa bara. Wote twakumbuka usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoikumba sehemu kubwa ya Kenya, na zipo sehemu zilizokaa bila umeme hadi siku ya pili. Mwaka huo huo mkasa wa namna hiyo ulirudia mwezi Novemba na tena Desemba. Mbali na hayo makubwa, yapo madogo ya kila wiki: nguzo imeanguka, mvua imenyesha, au tokeni zimekwisha usiku watu wamelala.

Kanuni ya kwanza ni kutoufungua mlango. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushikilia baridi yake kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Jokofu la kawaida hushikilia saa 4 tu. Kwa hiyo friza yenye nafasi tupu ijazwe chupa za maji. Zikiganda, huwa akiba ya baridi siku ya shida. Kila anayefungua mlango kutazama kama samaki wako salama ndiye anayewaharibu.

Kanuni ya pili ni kuwa na shahidi. Safari za mazishi, za likizo na za Idi hutuweka mbali na nyumba siku kadhaa, na tunaporudi friza inanguruma kama kwamba hapakutokea kitu. Chukua kikombe cha maji, kigandishe, kisha weka sarafu juu ya barafu yake na ukirudishe friza. Ukirudi ukaikuta sarafu ipo juu, baridi haikukatika kwa muda wa kudhuru. Ukiikuta imezama chini ya kikombe, jua kwamba barafu iliyeyuka yote kisha ikaganda tena, na samaki nao walipitia hayo hayo. Hao hawafai kuliwa.

Kanuni ya tatu ni ya hukumu baada ya umeme kurejea. Samaki ambaye bado ana chembe za barafu ndani yake, au ambaye yuko baridi kama aliyetoka jokofuni, yaani nyuzi 4 au chini yake, anaweza kugandishwa tena, ingawa ladha itapungua. Lililo bora ni kumpika siku hiyo. Aliyekaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa mbili atupwe. Asionjwe kwa kujaribu, wala asinuswe kwa kutafuta ruhusa, kwani tumekwisha kusema kuwa histamini haina harufu.

Kutupa na israfu

Tunajua kauli hii ya mwisho ni nzito. Mama aliyenunua kilo tano za nguru kwa fedha ya jasho hawezi kuzitupa kwa moyo mkunjufu, na huenda akajiuliza: je, hii si israfu? Aya ya 31 ya Sura Al-A'raf imetukataza kupita kiasi katika kula na kunywa. Lakini sheria hiyo hiyo imetukataza kujidhuru na kudhuru wenzetu, na anayelisha watoto wake chakula anachokitilia shaka, ili tu kisipotee, ameikimbia israfu akaangukia katika lililo zito zaidi. Fedha ya samaki ikipotea, itatafutwa nyingine. Mtoto akilazwa hospitali, gharama yake haitakuwa ya fedha tu.

Kwa maoni yetu, israfu ya samaki aliyeharibika haitokei siku ya kumtupa. Ilitokea siku ya kumnunua: pale tuliponunua kupita uwezo wa friza yetu, au pasipo barafu ya kutosha, au tukapanga mafungu bila tarehe. Anayetaka kujiepusha nayo ajizuie pale dukani, mkono ukiwa bado mfukoni.

Na lipo jambo jingine la kuangaliwa. Isiwe kwamba samaki tunayemhofia sisi wenyewe, tukamtoa kwa jirani masikini au kwa msaidizi wa nyumbani tukiita sadaka. Aya ya 267 ya Sura Al-Baqara imetuzuia kukusudia kibaya tukakitoa, hali ya kuwa sisi wenyewe tusingekipokea. Samaki huyo achimbiwe shimo la kina shambani, paka na mbwa wasimfikie, na udongo utamfanya mbolea.

Kuyeyusha na kupika

Samaki haanikwi karoni asubuhi ili ayeyuke hadi jioni. Nje huwa amekwisha kupata joto, na ndani angali jiwe. Mtoe friza usiku wa kuamkia siku ya kupika, umweke katika bakuli chini kabisa ya jokofu. Ukiwa na haraka, mtie katika mkebe au mfuko usiopitisha maji, uuzamishe katika maji ya baridi na kuyabadilisha kila nusu saa. Kila nusu kilo huhitaji kama saa moja. Vipande vyembamba vya kukaanga au vya mchuzi vyaweza kuingia chunguni vikiwa bado vimeganda, ila vipewe muda zaidi.

Wanaonunua samaki waliofungwa kwa kunyonywa hewa yote katika plastiki wakumbuke kuitoboa au kuivua plastiki hiyo kabla ya kuanza kuyeyusha. Kuna bakteria wenye sumu kali wanaopenda mahali pasipo na hewa, na nafasi yao ni hapo baridi inapoondoka.

Samaki ameiva pale nyama inapokuwa nyeupe hadi mfupani na kuachana kwa uma. Aliyeyeyushwa akapikwa vizuri anaweza kugandishwa tena akiwa kitoweo, maadamu apoe na aingie friza ndani ya saa mbili. Hilo ni la msaada mkubwa katika mwezi wa Ramadhani: samaki wa kupaka aliyepikwa Jumapili na kugandishwa kwa mafungu humpunguzia mama kazi ya jioni, akapata muda wa ibada.

Walio karibu na Tana

Mwisho, tuwakumbushe ndugu zetu kuwa bara nako kuna samaki. Mabwawa ya Masinga na Kiambere katika mto Tana yana sato na kambare, na anayeishi Mwingi yuko karibu na Kiambere kuliko alivyo karibu na bahari. Sato aliyevuliwa leo, akapikwa leo kwa tui la nazi, ni bora kuliko jodari aliyechoka kwa safari. Ladha ya pwani haimo katika samaki peke yake; imo pia katika nazi, ndimu na mkono wa mpishi. Samaki wa baharini wabaki kuwa akiba ya siku maalumu, wachache na waliohifadhiwa sawasawa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, awape afya njema wanetu walio karibu na walio mbali, na ajaalie majumba yetu yote yawe majumba ya halali na tayibu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.